Kerneli haikuchelewa peke yake: kisa cha laptopu 24 za Arua

Laptopu zilikuwa 24, vioo vyake bado vimefunikwa plastiki, na zilikuwa zimesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Kampala, kupitia Karuma na daraja la Pakwach. Ilikuwa wiki ya tatu ya Juni 2023. Kituo cha mafunzo kilichozinunua kiko mjini Arua, si mbali na soko, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wanafunzi wake: Walugbara, Wakakwa, Wanubi, watoto wa wafanyabiashara wa Ariwara ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na wengine waliotoka Sudan Kusini.

Mimi ndiye niliyeitwa kuweka mfumo. Niliweka Debian 12, mfumo wa bure wa jamii ya Linux, iliyotoka tarehe 10 Juni, haijamaliza hata wiki mbili. Sauti ilifanya kazi, kamera ilifanya kazi, kipadi cha kugusa kilifanya kazi. Waifai haikuwepo. Sisemi ilikuwa dhaifu au ya kukatikakatika. Kwenye mipangilio hapakuwa na hata mahali pa kuiwasha. Na laptopu za siku hizi, nyembamba kama sahani, hazina tundu la kebo ya mtandao.

Mkuu wa kituo, mama ambaye sote tunamwita Mwalimu, alisimama nyuma yangu kwa muda kabla ya kuuliza.

"Fundi, si uliniambia mfumo huu umetoka mwezi huu huu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na muuzaji alisema mashine ni za mwaka jana."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa kitu cha mwezi huu kinashindwaje kukijua kitu cha mwaka jana?"

Sikuwa na jibu fupi. Siku ile nilisema kwamba wafungashaji wa kerneli, yaani watu wa Debian wanaokiandaa kiini cha mfumo kuwa kifurushi cha kusakinishwa, wamechelewa, na kwamba tusubiri. Nilipokaa baadaye na tarehe mbele yangu niliona kwamba jibu lile lilikuwa kweli kwa sehemu ndogo tu, na sehemu iliyobaki ilinihusu mimi.

Nianze na kadi ya waifai yenyewe. Amri ya lspci -nn, inayoorodhesha vifaa vya ndani, ilitoa namba 10ec:b852. Nusu ya kwanza ni ya mtengenezaji, Realtek. Nusu ya pili ni ya kadi, RTL8852BE. Jina la laptopu halisaidii hapa, maana laptopu mbili zenye jina moja na bei moja zinaweza kubeba kadi mbili tofauti, kutegemea kiwanda kilikuwa na nini wiki ile. Ukitaka ukweli, uliza namba. Draiva ya kadi hii, yaani programu inayoiendesha, iliingia kwenye kerneli ya Linux toleo la 6.2, lililotoka tarehe 19 Februari 2023. Debian 12 inakuja na kerneli 6.1, iliyotoka tarehe 11 Desemba 2022. Tulipungukiwa na toleo moja.

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo inayosema na vyuma: diski, kioo, kadi ya mtandao. Draiva nyingi za Linux hukaa ndani ya kerneli yenyewe, kwa hiyo kadi mpya mara nyingi hudai kerneli mpya. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hutoa toleo jipya la kerneli kila wiki 9 au 10. Wiki mbili za kwanza ni za kupokea mambo mapya, kisha dirisha linafungwa, na wiki zinazofuata ni za kurekebisha tu, toleo la majaribio baada ya toleo la majaribio, hadi aridhike. Kwa hiyo hata kabla kifurushi hakijafikiriwa na mtu yeyote wa Debian, draiva iliyokosa dirisha la 6.1 ilikuwa tayari imesukumwa mbele zaidi ya miezi miwili. Hiyo ni foleni ya kwanza, na haina mtu wa kulaumiwa.

Foleni ya pili ndiyo iliyomkera Mwalimu nilipomweleza. Debian ilikuwa imefunga milango yake kwa awamu, kwa ratiba iliyotangazwa mapema. Tarehe 12 Januari 2023 mabadiliko makubwa ya maktaba za programu yalikoma. Tarehe 12 Februari vifurushi vipya vilizuiwa, na vilivyomo vikaruhusiwa marekebisho madogo tu. Tarehe 12 Machi mlango ulibanwa zaidi, na kuanzia tarehe 24 Mei kila badiliko lilihitaji idhini ya mkono. Angalia sasa: 6.2 ilitoka siku 7 baada ya tarehe ile ya pili. Wiki moja!

Lakini hata ingetoka mwezi mmoja mapema, Debian 12 isingeichukua. Toleo la 6.1 lilichaguliwa kwa sababu ni la kutunzwa muda mrefu. Toleo la kawaida kama 6.2 huachwa miezi michache baada ya mrithi wake kutoka. La muda mrefu hupokea marekebisho kwa miaka. Mfumo unaokusudia kukaa mezani kwa watu hadi 2026 na zaidi hauwezi kusimama juu ya kerneli itakayokuwa yatima kabla ya Krismasi. Mwalimu alilielewa hili haraka kuliko nilivyotarajia. Alisema ni kama kuchagua kitabu cha kiada: huchagui kilichotoka jana, unachagua kile ambacho mchapishaji ameahidi kuendelea kukichapa.

"Basi wakichukue hicho cha zamani wakiongezee ukurasa mmoja," akasema.

Hapo aligusa swali ambalo mafundi wengi hulikosea. Tawi la marekebisho la kerneli, linaloongozwa na Greg Kroah-Hartman pamoja na Sasha Levin, lina sheria zake. Kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, lazima kiwe kimeshaingia kwenye kerneli ya Torvalds. Kisizidi mistari 100, pamoja na mistari inayokizunguka. Kirekebishe kosa la kweli. Kuongeza namba ya kifaa kipya kinachofanana na kile ambacho draiva inakijua tayari kunaruhusiwa, na kadi nyingi huokolewa hivyo. Kadi yetu haikuwa ya kuokolewa hivyo, kwa sababu chipu yake ilihitaji msimbo wake mwenyewe, maelfu ya mistari. Ukurasa mmoja ungekuwa kitabu kizima.

Kwa hiyo njia rasmi iliyobaki ilikuwa bookworm-backports, ghala la pembeni la Debian 12 ambalo vifurushi vipya hujengwa upya kwa ajili ya watu wa mfumo tulivu. Nitakaa kidogo kwenye safari ya kerneli kufika ghala hilo, maana ndiyo watu huiita uvivu bila kuiona.

Baada ya tarehe 10 Juni mlango ulifunguliwa tena na kerneli mpya zikaanza kuingia tawi la unstable (lango la vifurushi vipya): kwanza mfululizo wa 6.3. Ila 6.3 ilikuwa inakaribia mwisho wa maisha yake. Waliokuwa wakiitunza waliiaga Julai. Torvalds alitoa 6.4 tarehe 25 Juni, na marekebisho yake ya nne, 6.4.4, yakatoka tarehe 19 Julai. Wafungashaji wa Debian huchukua msimbo huo, huweka viraka vyao, huangalia mipangilio mipya (kila toleo huja na maswali mengi ya ndiyo au hapana kuhusu kipi kiwashwe), kisha hupeleka kwenye mashine za kujengea. Debian 12 ilikuwa na aina 9 rasmi za vichakataji. Kwenye amd64, aina ya laptopu zetu, kerneli hujengwa upesi. Kwenye mipsel ya zamani inaweza kuchukua saa nyingi mno, na kifurushi hakivuki kwenda tawi la testing, hatua inayofuata, kikiwa kimekwama kwenye aina moja kati ya hizo tisa. Mtu wa Arua mwenye amd64 anamsubiri mtu mwenye kisanduku cha mipsel ambaye hatamwona maisha yake yote.

Kisha kuna saini. Kompyuta nyingi za leo zina ulinzi wa kuwashia, ule unaoandikwa Secure Boot kwenye menyu ya mashine: hazikubali kuwasha kerneli isiyo na saini inayotambulika. Debian hutumia programu ndogo iitwayo shim, iliyosainiwa na Microsoft, nayo shim hubeba cheti cha Debian. Kerneli hujengwa kwanza bila saini, kisha huduma maalumu ya kusaini huichukua na kuipigia muhuri, halafu kifurushi cha pili chenye muhuri hupita tena kwenye foleni ya kujengwa. Kwa nje unaona faili moja. Kwa ndani ni vifurushi viwili vinavyofuatana, na cha pili hakianzi kabla cha kwanza kumalizika.

Halafu kuna kusubiri kwa makusudi. Kifurushi chenye uharaka wa wastani hukaa unstable kwa kawaida siku 5 kabla ya kuvuka kwenda testing, na majaribio yanaweza kupunguza au kurefusha siku hizo. Kikishavuka ndipo kinastahili kujengwa kwa ajili ya backports, na jina la kerneli linapobadilika (namba imo ndani ya jina la kifurushi) kinapita kwenye foleni ya vifurushi vipya, ambako mtu, mtu wa nyama na damu anayejitolea, hukiangalia na kukiruhusu. Haya yote yakiisha ndipo kinafika kwetu.

Kerneli tuliyoitumia ni 6.4.4-3~bpo12+1. Muhuri wake una tarehe 8 Agosti 2023. Kutoka 6.4.4 ya Torvalds na Kroah-Hartman hadi kifurushi chenye saini kwa ajili ya Debian 12, ni wiki tatu hivi. Nimefanya kazi na watu wanaolipwa mshahara ambao hawawezi kubadilisha wino wa printa kwa wiki tatu.

Waliochagua Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, hawakutushinda kwa mbali. Ubuntu 23.04, iliyotoka Aprili, ilikuwa na 6.2 na ingewasha waifai yetu siku ya kwanza, lakini muda wake wa kutunzwa ulikuwa miezi 9 tu. Januari 2024 ningelazimika kurudia mashine zote 24. Ubuntu 22.04, ile ya muda mrefu, ilipata kerneli 6.2 kwenye picha yake ya kusakinishia ya 22.04.3, tarehe 10 Agosti 2023. Nyumba mbili zisizoshauriana, na zote zikatoa kerneli ya kutosha kwa kadi hii wiki ile ile. Hata wenye wafanyakazi wa kulipwa hukwama, maana Februari 2025 Ubuntu 24.04.2 ilisogezwa kutoka tarehe 13 hadi 20 baada ya kugundulika kwamba kerneli mpya iliyokusudiwa haikuingia kwenye baadhi ya picha.

Sasa nije upande wetu, ambako aibu ipo.

Julai yote tulihangaika. Nilichukua laptopu moja nikaiunganisha na simu kwa kebo ya USB, njia ambayo kerneli 6.1 inaijua vizuri, nikapakua msimbo wa draiva kutoka nje ya kerneli na kuujenga kwa utaratibu wa DKMS, ambao huijenga draiva upya kila kerneli inapobadilika. Ilifanya kazi. Wanafunzi walipiga makofi. Ili nisihangaike na kusajili ufunguo wangu mwenyewe kwenye kila mashine, niliuzima ulinzi wa kuwashia kwenye laptopu tano na kuzifanyia hivyo hivyo. Siku kadhaa baadaye likaja sasisho la kerneli la mwezi huo, mashine zikawashwa upya, waifai ikatoweka. Nilikuwa nimeweka vichwa vya msimbo (faili ambazo DKMS huzihitaji kujengea draiva) vya kerneli ile moja tu, badala ya kifurushi cha jumla kinachovuta vichwa vya kila kerneli mpya. DKMS haikuwa na cha kujengea. Kosa la fundi, na fundi ni mimi. Tulirudi tulikoanzia, tena na laptopu tano zilizovuliwa ulinzi wake.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu lilikuwa kimya. Mwishoni mwa Julai niliandika ghala la backports kwenye orodha ya laptopu moja, nikamwachia msaidizi wa maabara maagizo: kila Jumatatu iunganishe na simu, endesha apt update, kisha apt upgrade (amri za kuvuta masasisho), na siku kerneli mpya ikishuka nipigie. Kijana yule alifanya hivyo kwa uaminifu. Jumatatu baada ya Jumatatu aliniandikia: "Bado, mzee." Nami nikamwambia Mwalimu: bado, wafungashaji wamechelewa.

Tarehe 29 Agosti nilipita kituoni kwa jambo lingine, nikaangalia mwenyewe. Kerneli ilikuwepo. Ilikuwa imekaa pale wiki tatu. Ghala la backports limewekewa alama ya kutojichukulia lenyewe: apt hulipa kipaumbele cha 100, ambapo vifurushi vya kawaida vina 500, kwa hiyo apt upgrade haitagusa humo mpaka uombe kwa mkono, mara ya kwanza, kwa kuandika -t bookworm-backports. Ukishakichukua kifurushi mara moja, masasisho yake yanayofuata huja yenyewe. Mara ile ya kwanza ndiyo inayodai mkono, na imepangwa hivyo makusudi ili mtu asijikute kwenye kerneli mpya bila kujua. Nilikuwa nimemtuma kijana kwenye kituo cha basi ambalo halisimami pale bila kupungiwa mkono.

Na bado tulikaa siku 25 zaidi. Nilikuwa na kazi Koboko. Muhula ulikuwa umeanza, Mwalimu hakutaka mashine ziguswe kabla ya majaribio ya wanafunzi wa ICT, na alikuwa na haki. Kuna aliyetaja bei ya data, na ni kweli kwamba tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile tozo ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Lakini kifurushi cha kerneli ni kama megabaiti 70. Ukikipakua mara 24 ni kama gigabaiti 1.7, ukikipakua mara moja na kukigawa kwa flashi ni bando la siku moja la mtoto wa shule. Bei haikuwa sababu. Tulikuwa tunaitafuta.

Jumamosi tarehe 23 Septemba nilikaa na wasaidizi wawili, flashi tatu na chai ya tangawizi, tukamaliza mashine zote kabla ya saa kumi. Kwa kuwa kerneli ilikuwa na saini ya Debian, tuliurudisha ulinzi wa kuwashia kwenye zile tano, na hakuna iliyogoma.

Mwalimu aliomba ripoti, kwa sababu bodi ilikuwa imeshauliza mara mbili. Nikaandika tarehe. Kutoka 6.2 kutoka, 19 Februari, hadi Debian 12 kutoka, 10 Juni: siku 111, ambazo laptopu zetu zilikuwa bado Kampala au hata hazijanunuliwa. Kutoka 6.4 kutoka, 25 Juni, hadi muhuri wa kifurushi, 8 Agosti: siku 44. Kutoka muhuri wa kifurushi hadi waifai kuwaka Arua: siku 46.

Mwalimu alisoma mistari hiyo mitatu, akaweka kidole kwenye ule wa mwisho. "Hizi arobaini na sita ni za nani?"

"Zangu, Mwalimu. Na kidogo zako."

"Zangu ngapi?"

Hatukukubaliana kuhusu hesabu hiyo, na sitaiandika hapa.

Kama kisa kingeishia hapo, funzo lingekuwa rahisi, na mimi mwenyewe nililishika hivyo: sogea karibu na chanzo, sasisha kila siku, usimwache kijana na apt upgrade. Mambo mawili yalinivuruga.

La kwanza lilikuwa limeshatokea bila mimi kulitazama. Tarehe 8 Agosti 2023, siku ile ile ya muhuri wetu, zilitangazwa dosari mbili za vichakataji: Downfall kwa vile vya Intel na Inception kwa vile vya AMD. Marekebisho ya kerneli yalitolewa siku hiyo hiyo, na watu wa 6.1 kwenye Debian 12 waliyapata ndani ya siku chache kupitia njia ya usalama. Laptopu zetu ni za AMD. Kerneli yetu, 6.4.4, ilikuwa imefungwa kabla ya tangazo, na ghala la backports halibebwi na timu ya usalama kama tawi tulivu linavyobebwa. Linasubiri kerneli inayofuata ipite safari yote niliyoieleza. Iliyofuata kutufikia ilikuwa ya mfululizo wa 6.5, nayo ilikuja Oktoba. Maana yake tarehe 23 Septemba tulishangilia kuhamisha mashine 24 kutoka kerneli ya zamani yenye marekebisho ya Agosti kwenda kerneli mpya isiyokuwa nayo. Kwa maabara ya wanafunzi hatari ile ilikuwa ndogo, na ningechagua waifai tena. Lakini sikuchagua. Sikujua kwamba kulikuwa na la kuchagua.

La pili lilinitoa jasho. Baada ya Septemba nilikuwa nimeweka masasisho ya kila siku kwenye mashine zote, pamoja na ile ya ofisi ya karo, ambayo ina kadi ya kebo na haikuwahi kuhitaji kerneli mpya, kwa hiyo iko kwenye 6.1 ya kawaida. Jumamosi tarehe 9 Desemba 2023 Debian ilikuwa inatoa mkusanyiko wa masasisho wa 12.3, ukiwa na kerneli 6.1.64. Siku hiyo hiyo ikagundulika kwamba kerneli hiyo inaweza kuharibu data kwenye diski za ext4, mpangilio wa kawaida wa faili kwenye Linux. Sababu yake inafaa kueleweka: kiraka cha ext4 kilikuwa kimerudishwa nyuma kutoka kerneli mpya hadi 6.1, lakini kilitegemea badiliko jingine lililoingia kwenye 6.5 ambalo halikurudishwa pamoja nacho. Peke yake, kiraka kizuri kiligeuka sumu: programu inayoandika moja kwa moja kwenye diski bila kupitia kumbukumbu ya kati ingeweza kuandika mahali pasipo pake. Debian ilisimamisha picha za 12.3 na kesho yake, tarehe 10, ikatoa 12.4 yenye 6.1.66.

Mashine ya karo ilikuwa imeshaichukua 6.1.64. Mwendo wa kila siku, kama nilivyoupanga.

Kilichotuokoa ni kwamba kerneli mpya haianzi kazi mpaka mashine iwashwe upya, na karani wa karo ana tabia, ambayo nilikuwa nimeisema vibaya mara nyingi, ya kutozima kompyuta yake. Anafunga skrini na kwenda nyumbani. Jumapili asubuhi nilisoma tangazo, nikampigia Mwalimu nikamwomba mtu yeyote asiguse kile kitufe, nikachukua bodaboda. Niliondoa kifurushi, nikahakikisha kwamba uname -r bado inaonyesha kerneli ya zamani, nikakaa kwenye kiti cha karani kwa muda mrefu bila kufanya chochote. Laptopu 24 za maabara, zilizokuwa kwenye 6.5, hazikuguswa na dosari hiyo hata kidogo.

Tangu hapo mashine za kituo haziendi kwa mwendo mmoja. Marekebisho ya usalama huingia siku hiyo hiyo, kote. Mikusanyiko ya kawaida, kama ile 12.3, huingia kwanza kwenye laptopu tatu za mstari wa mbele, ambazo wanafunzi huziita waonjaji, na nyingine hufuata wiki moja baadaye. Mashine ya karo hufuata ya mwisho, baada ya kunakiliwa. Kerneli za backports hubaki maabara tu, na kuna daftari, la karatasi, lenye tarehe: lini imetoka kwa Torvalds, lini imepigwa muhuri, lini imefika, nani kaiweka. Yule kijana wa Jumatatu ndiye analitunza, na anajua kupungia basi mkono.

Agosti 2025 ilitoka Debian 13, yenye kerneli 6.12. Miezi michache baadaye Mwalimu alikuwa Kampala kununua laptopu nyingine kumi. Alinipigia akiwa dukani Wilson Road, kelele za magari nyuma yake, akasema muuzaji amekubali kuiwasha moja kwa flashi niliyompa.

"Chukua kalamu, fundi. Nakusomea namba."

Alisoma polepole, herufi kwa herufi. Niliitafuta huku simu ikiwa sikioni. Kadi ilikuwa mpya, nzuri, na draiva yake ilikuwa imeingia kwenye kerneli iliyotoka baada ya 6.12.

Nikamwambia.

"Kwa hiyo backports," akasema.

"Backports, Mwalimu."

Nilimsikia akimgeukia muuzaji. "Hii rudisha kabatini. Una ya mwaka juzi?"